Herufi mbili zinazoamua kama utalipwa

Tafuta msimbo wa SWIFT wa benki yako. Mara nyingi unaandikwa kwenye taarifa ya akaunti, au ukimuuliza mhudumu wa benki atakutajia. Kama ni CRDB utapata CORUTZTZ. Kama ni KCB ya Nairobi utapata KCBLKENX. Herufi nne za mwanzo ni jina la benki. Sasa angalia ya tano na ya sita: TZ, KE. Hiyo ni nchi. Haikuongezwa baadaye kama alama ya pembeni. Imo ndani ya anwani yenyewe, na bila hiyo ujumbe wa malipo haujui uende wapi.

Nimeanza na herufi hizo kwa sababu tunapozungumzia mtu kukatiwa huduma ya malipo mtandaoni "kwa sababu ya nchi yake", wengi tunawaza siasa tu: rais fulani kakasirika, nchi fulani imewekewa vikwazo. Siasa ipo, tena nyingi. Lakini kabla ya siasa kuna uhandisi. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliamua kwamba mashine ijue nchi yako kwanza na jina lako baadaye. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri kabisa.

Twende nyuma kidogo. Mpaka miaka ya 1970 mwanzoni, benki zilikuwa zinaagizana malipo ya kimataifa kwa teleksi. Karani wa London anaandika sentensi ndefu kwa maneno ya kawaida, karani wa upande wa pili anaisoma, anaitafsiri, anaiingiza kwenye vitabu vyake. Makosa yalikuwa mengi na kazi ilikuwa polepole. Mwaka 1973 benki 239 kutoka nchi 15 zikaunda ushirika wao huko Ubelgiji, ndiyo SWIFT yenyewe, na mwaka 1977 ujumbe wa kwanza ukapita. Walichohitaji ni lugha fupi ambayo kompyuta inaielewa: nani anamtumia nani, kiasi gani, benki ipi, nchi ipi. Orodha ya herufi mbili za nchi ilichapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1974. Ilikuwa ni kama namba ya mkoa kwenye simu za zamani, yaani njia ya kuelekeza.

Kitu kimoja ambacho watu hukichanganya: SWIFT haibebi pesa. Inabeba barua. Pesa zenyewe ni tarakimu kwenye vitabu vya benki zenye akaunti kwa wenzao, na malipo ya dola kwa kawaida hupita, mahali fulani njiani, kwenye benki iliyo chini ya sheria za Marekani. Mteja wa Dar es Salaam anamlipa muuzaji wa Guangzhou kwa dola, na New York imo katikati ingawa hakuna aliyeitaja. Shika hilo, tutalirudia.

Kadi nazo zina mpango wao. Tarakimu sita za mwanzo za kadi yako (tangu Aprili 2022 kampuni kubwa zimehamia nane) zinamtambulisha aliyeitoa, yaani benki, na benki ina nchi. Ukiandika namba ya kadi kwenye duka la mtandaoni, kabla hujamaliza kuandika tarehe ya mwisho wa matumizi, programu imeshajua kadi ilitoka wapi. Kisha kuna anwani ya IP ya simu au kompyuta yako, namba ya simu yenye +255 au +254, na anwani uliyojaza kwenye fomu. Ushahidi wa aina nne kuhusu nchi, na bado hakuna aliyekuuliza kama wewe ni mtu mwaminifu.

Kampuni za malipo mtandaoni zilirithi mpango huu na kuuongezea kitu. PayPal ilikaribia kumezwa na walaghai mwaka 2000. Fedha zilikuwa zinavuja kwa mamilioni ya dola. Wahandisi wake, wakiongozwa na Max Levchin, waliunda programu ya kunusa miamala ya kutiliwa shaka, wakaiita Igor, jina la utani la mmoja wa walaghai waliokuwa wakiwasumbua. Ni kazi nzuri ya sayansi ya data, miaka kadhaa kabla neno hilo halijawa la mitaani. Ila fikiria kidogo kinachotokea mashine inapojifunza kwamba wizi mwingi unatoka upande fulani wa dunia. Nchi inageuka kuwa kipimo cha hatari. Mwanafunzi anayeuza michoro yake na jambazi anayeuza namba za kadi za watu wanasimama kwenye mstari mmoja wa jedwali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ulitokea Machi 2022, na ulichukua siku 12.

Jumamosi ya Machi 5, siku tisa baada ya jeshi la Urusi kuivamia Ukraine, PayPal ilitangaza kusimamisha huduma zake Urusi. Tayari tangu katikati ya 2020 ilikuwa imeacha malipo ya ndani ya nchi hiyo, kwa hiyo waliobaki wengi walikuwa watu wanaolipwa kutoka nje au wanaonunua vitu nje: watafsiri, wachoraji, waandika programu, wauzaji wadogo. Wakaruhusiwa kutoa salio lao kwa muda, basi. Siku hiyohiyo Visa na Mastercard nazo zikatangaza kuondoka, na ilipofika Machi 10 kadi zilizotolewa na benki za Urusi hazikufanya kazi tena nje ya mipaka yake.

Halafu Machi 17, PayPal hiyohiyo ikawafungulia Waukraine uwezo wa kutuma na kupokea pesa, mtu kwa mtu, na kuzihamishia kwenye kadi zao. Kwa wakati huo ada zake ikazisamehe.

Wengi walisoma habari hii kama ya upande mmoja kuadhibiwa na mwingine kusaidiwa. Ni kweli. Mimi kilichonishangaza ni kile ambacho habari ya pili ilikiri bila kutaka. Mpaka siku hiyo Mukraine mwenye akaunti aliweza kulipa tu. Kupokea hakuweza. Nchi ya makumi ya mamilioni ya watu, yenye waandika programu wanaotafutwa na kampuni za Ulaya na Marekani, ilikuwa imekaa miaka yote hiyo nje ya mlango, na haikuwa imekosa lolote. Hakukuwa na vikwazo dhidi yake. Serikali yake ilikuwa imeomba mara kadhaa. Vita ilipokuja, kilichoshindikana kwa miaka kikawezekana ndani ya wiki chache.

Sisemi ni kubonyeza kitufe kimoja. Nyuma ya kila nchi kuna leseni, mikataba na benki za huko, wanasheria, na timu ya kukagua utakatishaji wa fedha. Lakini ndani ya mfumo wenyewe, nchi ni mstari wenye majibu ya ndiyo au hapana: kufungua akaunti, kutuma, kupokea, kutoa. Nigeria iliingizwa kwenye PayPal Juni 2014 ikiwa na ndiyo kwenye kutuma na hapana kwenye kupokea. Yaani ruksa kununua, marufuku kuuza. Kenya ilikuwa na bahati zaidi, na mwaka 2018 Mkenya akaweza kutoa pesa zake za PayPal moja kwa moja kwenda M-Pesa. Ukiuliza kwa nini huyu ndiyo na yule hapana, utajibiwa kwa maneno kama "hatari" na "soko". Ni majibu ya kweli, ila hayamsaidii mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Urusi yenyewe haikushtuka kama ulimwengu ulivyotarajia, na hapa kuna historia ya kiufundi inayostahili kuelezwa taratibu. Machi 2014, baada ya Urusi kuichukua Rasi ya Crimea, Marekani iliwawekea vikwazo watu kadhaa na benki moja, Bank Rossiya. Ghafla kadi za Visa na Mastercard za benki hiyo, na za SMP Bank iliyohusiana na watu waliowekewa vikwazo, zikagoma. Mteja yuko dukani mjini Moscow, ananunua mkate wa Kirusi kwa rubo, kwenye duka la Kirusi, na muamala unakataliwa. Kwa nini? Kwa sababu njia ya kuidhinisha malipo ilipita kwenye mitambo ya kampuni za kigeni. Mkate haukutoka nchini, lakini swali la "je, mteja huyu ana pesa?" lilitoka.

Somo likaeleweka haraka. Mei 2014 sheria ikasainiwa, Julai ikaundwa kampuni ya serikali inayoitwa NSPK, na mwaka 2015 malipo yote ya ndani yaliyofanywa kwa kadi za Visa na Mastercard yakahamishiwa kwenye swichi yake. Angalia ujanja wake: kadi ilibaki na nembo ileile ya kigeni, lakini kwa malipo ya ndani nembo haikuwa na kazi kubwa tena zaidi ya urembo. Desemba 2015 wakatoa kadi yao wenyewe, Mir. Ndiyo maana Machi 2022, baada ya matangazo yote yale, bibi wa Novosibirsk aliendelea kununua maziwa kwa kadi yenye nembo ya Visa kana kwamba hakuna kilichotokea. Benki ziliendelea hata kuzitambua kadi zilizopita tarehe iliyochapishwa mbele.

Waliokatika ni wengine. Watalii waliokuwa Phuket, Thailand, wakashindwa kulipa hoteli. Wanafunzi walio vyuo vya nje wakabaki na kadi zisizo na uhai. Na wale walioondoka Urusi haraka kwa sababu walipinga vita, wakafika Istanbul au Tbilisi na pesa zao zote zikiwa kwenye benki ambayo ulimwengu umeacha kuitambua. Ukichora mchoro wa nani alipata maumivu, utaona kwamba chombo kilichokusudiwa kuibana serikali kiliwagusa kwanza watu waliokuwa na sababu ya kuvuka mpaka. Baadhi yao wakafunga safari kwenda Uzbekistan au Kazakhstan kufungua akaunti, wapate kadi yenye tarakimu za nchi nyingine. Mtu ni yuleyule, pasipoti ileile, na kadi sasa inapokelewa.

Crimea kwenyewe mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Desemba 19, 2014 Rais Obama alisaini amri iliyokataza kampuni za Kimarekani kutoa huduma kwenye rasi hiyo. Desemba 26, katikati ya sikukuu, Visa na Mastercard zikasimama. Januari 2015 PayPal ikafuata. Hebu fikiria uko Simferopol, mji mkuu wa rasi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limepitisha azimio Machi 2014 linalosema huko ni Ukraine. Jeshi lililoko mtaani linasema ni Urusi. Kwenye fomu za mtandaoni hakuna herufi mbili za Crimea, kwa hiyo kampuni inabidi ikutafute kwa njia nyingine: anwani ya nyumbani, anwani ya IP, mahali ilipo mashine ya kusomea kadi. Anwani ya IP ni kitu cha kukisia. Namba hizo hugawiwa na mashirika ya kikanda, Ulaya ni RIPE NCC na kwetu Afrika ni AFRINIC iliyoko Mauritius, kisha kampuni nyingine zinauza orodha za makisio kwamba namba hii iko mji huu. Orodha hizo hukosea. Desemba 2018 kampuni ya Slack, ambayo si ya malipo lakini inatumia mbinu hiyohiyo, iliwafungia watu wenye asili ya Iran walioishi Canada na kwingineko, kwa sababu tu mfumo wake uliona waliwahi kuingia kutoka Iran. Ikaomba radhi baadaye.

Iran ndiyo iliyofungua njia kwa upande wa benki. Machi 17, 2012, kwa kutii sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, SWIFT ilizikata benki takriban 30 za Iran. Haikuwahi kufanya hivyo kwa nchi yoyote kabla. Zikarudishwa 2016 baada ya makubaliano ya nyuklia, na Novemba 2018 kadhaa zikakatwa tena, safari hii kwa shinikizo la Marekani peke yake. Kumbuka ile New York iliyo katikati. Benki ya Ulaya inaweza kuwa haina ugomvi wowote na Tehran, lakini haiwezi kukubali kupoteza njia yake ya dola.

Mpaka hapa utadhani mkono unaokata ni wa mgeni siku zote. Uturuki inavuruga picha hiyo. Sheria namba 6493 ya mwaka 2013 ilizitaka kampuni za malipo zipate leseni, na zihakikishe mifumo yao ya kompyuta iko ndani ya Uturuki. PayPal ilisema mitambo yake ni ya dunia nzima na haijengwi upya kwa kila soko. Msimamizi wa benki akawanyima leseni. Mei 31, 2016 kampuni ikatangaza, na Juni 6 ikafunga. Kwa maneno yake yenyewe waliathirika makumi ya maelfu ya biashara na mamia ya maelfu ya wateja. Siku sita za kujipanga! Hapo hakuna vita, hakuna vikwazo. Serikali ya nchi yako inataka vitabu viwe mahali inapoweza kuvifikia, kampuni haitaki, na mshona mikoba wa Izmir anayeuza Ujerumani ndiye anayebaki bila njia ya kulipwa.

Nani alikuwa sahihi? Mimi naegemea kidogo upande wa serikali, na najua wengi hamtakubali. Tukio la mkate wa Moscow linaonyesha kwa nini nchi inataka swichi iwe nyumbani. Benki Kuu ya India ilidai kitu kinachofanana Aprili 2018, data zote za malipo zikae India, na Julai 2021 ikaizuia Mastercard kusajili wateja wapya hadi itii. Ikatii, na zuio likaondolewa Juni 2022. India ni soko ambalo hakuna anayeweza kulisusa, na Uturuki ilijikuta si soko la aina hiyo. Sisi je? Tanzania ina TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha benki na mitandao ya simu, na Afrika ina PAPSS iliyozinduliwa Accra Januari 2022 ili Mghana amlipe Mnigeria bila kupitia dola. Mifumo hii inatulinda na tatizo la mkate. Tatizo la mikoba, yaani mteja aliye Berlin, haiwezi kuligusa.

Kuna mlango wa tatu wa kufungiwa nje, nao hauna amri ya rais wala barua ya msimamizi. Desemba 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 Marekani kwa uzembe wa kuzuia utakatishaji wa fedha. Benki nyingine zikafanya hesabu. Mei 2013 Barclays ikazijulisha kampuni takriban 250 za kutuma pesa kwamba itazifungia akaunti, na mojawapo ilikuwa Dahabshiil, kampuni kubwa ya Kisomali. Somalia haikuwa na mfumo wa benki wa kuaminika tangu serikali ianguke 1991, na pesa za ndugu walio nje, zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kwa makadirio ya wakati huo, zilikuwa zinalipa karo, dawa na chakula. Dahabshiil ilikwenda mahakamani London, Novemba 2013 ikapata zuio, Aprili 2014 wakaelewana juu ya kuachana polepole. Barclays haikusema kampuni hiyo ina hatia. Ilisema tu kwamba biashara hiyo haistahili hatari yake.

Na tusijifanye haya ni mambo ya Wazungu. Aprili 2, 2015 magaidi waliwaua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye Kenya ikasimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, nyingi za Kisomali, Dahabshiil ikiwemo. Mama wa Eastleigh aliyekuwa akimtumia mamake Kismayu dola 50 kila mwezi hakuwa ameshukiwa kwa lolote. Leseni zilirudishwa Juni. Miezi miwili ya karo na dawa si kitu kidogo.

Wasomali, kwa upande wao, hawakusubiri. Huko Hargeisa kampuni ya simu ya Telesom ilianzisha Zaad mwaka 2009, pesa za simu zinazohesabiwa kwa dola za Marekani, na leo muuza mirungi wa barabarani anapokea kwa simu kama kawaida. Lakini ni ndani tu. Jaribu kujaza fomu ya malipo ya kimataifa ukiwa Hargeisa, ufike kwenye kisanduku cha nchi. Somaliland ilijitangazia uhuru 1991, ina sarafu yake na bunge lake, ila kwenye orodha ya ISO haimo, maana orodha hiyo inafuata majina ya Umoja wa Mataifa. Kosovo nayo haimo tangu 2008. Benki zake zimepewa na SWIFT herufi za kuazima, XK, na fomu nyingi za mtandaoni haziitambui. Mtu wa Pristina anashusha orodha ya nchi, anapita Kenya, Kiribati, Korea, Kuwait, anarudi juu kuhakikisha, kisha anachagua Albania au Serbia na kuomba Mungu kadi yake isikataliwe.